Kiambi: gari ikianza kuchanganyikiwa, lipia kipimo kabla ya kununua kisanduku

KIAMBI, Tanganyika – Mvua ikikolea kwenye bonde la Luvua, kuna magari yanayoanza tabia zake. Taa kubwa zinawaka zenyewe mchana, halafu usiku zinakataa. Wipa zinasimama katikati ya kioo. Milango inajifunga na kujifungua, honi inalia bila mtu kuigusa, na asubuhi batri imelala. Shofa anaita fundi. Fundi anasikiliza dakika chache, anagonga chini ya dashibodi kwa ngumi, kisha anatoa hukumu: kalkulateri imekufa. Siku hizi limeingia neno lingine pia, BCM, na likishatamkwa hakuna wa kubisha. Mwenye gari anaanza kutafuta dola.

Hukumu hiyo ndiyo yenye shida. Mara nyingi kisanduku chenyewe ni kizima. Kilichokufa ni waya wa masi, au plagi iliyoingia maji, au batri iliyochoka. Lakini huku hakuna anayelipia kupima, watu wanalipia kipuri. Fundi akimaliza nusu siku na multimita yake, akagundua bolti moja iliyolegea, mteja atamwuliza: umekaza bolti tu, unataka pesa gani? Fundi huyohuyo akileta kisanduku cha mtumba kutoka Lubumbashi, atalipwa bila maneno, hata kama gari bado ina ugonjwa wake. Kazi iliyopangwa namna hii haiwezi kuzaa mafundi wanaopima. Inazaa mafundi wanaobahatisha, na kila bahati nasibu inalipwa na mwenye gari.

Ni vizuri kueleza hicho kisanduku ni kitu gani, maana wengi wanalipia jina tu. BCM ni kompyuta ndogo inayoongoza vitu vya bodi: taa za nje na za ndani, taa za kona, wipa, honi, vioo vya umeme, makufuli ya milango, na kwenye magari mengi pia ile hesabu ya ufunguo inayozuia wizi. Haihusiki na kuchoma mazutu wala esansi, hiyo ni kazi ya kompyuta ya injini. Nissan wanaiita BCM kwelikweli. Toyota wanaiita kompyuta kuu ya bodi, na mara nyingi wameishikamanisha na kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi upande wa shofa. Peugeot na Citroën wanaiita BSI, Renault wanaiita UCH. Majina ni mengi, kazi ni ileile.

Wazee wa kazi hii walijifunza kwenye Land Cruiser za zamani, zile zenye injini ya 1HZ ambazo mashirika yanazipenda mpaka leo. Kwenye gari ile, ukibonyeza swichi, umeme unapita kwenye rele na kwenda moja kwa moja kwenye taa. Taa isipowaka, unafuata waya kwa mkono mpaka unafika penye ugonjwa. Kwenye gari ya kisasa swichi haipeleki umeme kwenye taa. Inapeleka habari kwa BCM kwamba shofa ameomba taa, na BCM ndiyo inayoamua kutoa umeme. Kwa hiyo fundi anayefuata waya kutoka kwenye swichi anafika kwenye sanduku lililofungwa, na hapo anaishiwa na njia. Si ajabu kwamba analilaumu sanduku, kwa sababu ndicho kitu pekee asichoweza kuona ndani yake.

Magari hayo yanazidi kuja. Mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, yanashukia bandari ya Dar es Salaam, kisha yanasogezwa mpaka Kigoma na kuvushwa ziwa kufika Kalemie. Mengine yanapanda kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa na Lubumbashi. Njiani hakuna anayempa mnunuzi kitabu cha michoro ya waya. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mpaka yakafunika sehemu za mji wa Kalemie, nyumba na njia zikiwa humo. Gari iliyolowa mpaka viti inaweza kukaushwa juani, ikaoshwa, ikapuliziwa manukato, na ikauzwa kama haikupata kitu. Maji yanakauka, lakini chumvi na matope yanabaki kwenye pini za plagi chini ya zulia, yanakula shaba taratibu. Miezi sita baadaye taa zinaanza kucheza, na mnunuzi wa bara anaambiwa kompyuta imekufa.

Kwa mtu wa Kinshasa hiyo ni usumbufu tu. Kiambi ni jambo zito zaidi. Hapa ni makao ya eneo la afya, na wagonjwa wanaletwa kutoka vijiji vya mbali. Wengi wanakuja kwa baiskeli au pikipiki. Mama aliyeshindwa kujifungua hawezi kupanda pikipiki kwenye njia ya matope. Anahitaji gari, na mara nyingi anaihitaji usiku. Gari yenye injini nzima kabisa lakini isiyo na taa wala wipa haitembei usiku wa mvua. Jimbo hili pia limepitia miaka ya mapigano tangu 2013, na shofa yeyote anajua maana ya kusimama gizani kwenye njia isiyo na mtu. Kwa hiyo gari inayolala garaji wiki tano ikisubiri kisanduku ambacho haikihitaji ni hasara ya watu wengi, hata wasiojua jina la mwenye gari.

Mambo ya afya yanatoa mfano ambao kila mtu hapa anauelewa. Zamani kila homa ilikuwa malaria, na kila malaria ilipewa dawa bila kuulizwa. Leo mgonjwa akifika kwenye kituo anatobolewa kidole kwanza, kipimo kinasomwa, ndipo dawa inatolewa. Hakuna mzazi anayelalamika kwamba muuguzi amechukua tone la damu tu. Kwa nini basi gari itibiwe kwa kukisia?

Na kipimo cha gari hakihitaji maajabu. Kinaanza na batri, kwa sababu kompyuta yenye njaa ya umeme inafanya wazimu kabla ya kufa. Batri iliyopumzika na kujaa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Fundi amwambie msaidizi apige starta huku yeye anatazama multimita: ikishuka chini ya volti 9.6, batri hiyo au waya zake zina tatizo, na haifai kuhukumu kompyuta yoyote siku hiyo. Huku kwetu batri ya gari inafanya kazi nyingi, inachaji simu, inapiga muziki kwenye harusi, inaazimwa nyumbani kwa taa. Inarudi kwenye gari imechoka, na lawama zinaangukia BCM.

Baada ya batri ni masi, yaani waya zinazorudisha umeme kwenye chuma cha bodi. Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea. Kuangalia kwa macho hakutoshi, waya unaweza kung'aa nje na kuoza ndani. Mguu mmoja wa multimita unawekwa kwenye hasi ya batri, mwingine kwenye waya wa masi wa kisanduku, taa zikiwa zimewashwa. Namba inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, masi ni mgonjwa, na umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, ndiyo maana ukikanyaga breki taa ya kona inawaka. Bolti inafunguliwa, kutu inasuguliwa mpaka chuma kinang'aa, inakazwa tena na kupakwa grisi. Kazi ya robo saa. Yule anayesema robo saa haistahili malipo ajiulize ni nani mwingine aliyeweza kujua ni bolti gani.

Fyuzi zinafuata, na zipimwe zikiwa mahali pake, pande zote mbili, kwa taa ya majaribio. Kuchomoa na kutazama kunadanganya. BCM haipokei umeme kutoka fyuzi moja. Inalishwa na kadhaa, na ikikosa mlo mmoja inaweza kupoteza nusu ya kazi zake huku nusu nyingine ikiendelea. Hali hiyo inafanana kabisa na kompyuta iliyoharibika. Halafu plagi: zifunguliwe, zitazamwe kwa tochi. Ukijani kwenye pini ni maji. Zinasafishwa kwa spiriti safi ya dukani na mswaki laini, zinakaushwa, na chanzo cha maji kinatafutwa, la sivyo fundi atarudi palepale mvua ijayo. Mara nyingi ni tundu za kutolea maji chini ya kioo cha mbele zilizozibwa na majani, au mpira wa kioo uliokatika, au mrija wa baridi unaomwaga ndani ya gari.

Ni baada ya hayo yote ndipo mashine ya kusoma makosa inapopata maana. Vile vidude vya bei rahisi vinavyoongea na simu kwa bluetooth ni vizuri, lakini vingi vinasoma makosa ya injini peke yake, yale yanayoanza na herufi P. Makosa ya bodi yanaanza na B, na makosa ya mawasiliano yanaanza na U. Kidude kisichosoma B na U kikiandika "hakuna kosa", hakijasema kitu chochote kuhusu taa za gari. Mashine ya kweli ikionyesha U0140, maana yake kompyuta nyingine zinalalamika kwamba hazisikii sauti ya BCM. Fundi mwenye haraka anasoma hapo na kukimbilia simu kuagiza kipuri. Lakini mtu asiyesikika si lazima amekufa. Pengine njia ya simu imekatika.

Njia hiyo inapimika pia. Kompyuta za gari zinaongea kwenye waya mbili zilizosokotana, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliuonyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Kwenye magari mengi ya kisasa yenye plagi ya pini 16 chini ya usukani, waya hizo zinafika kwenye pini ya 6 na ya 14. Batri ikiwa imefunguliwa, multimita kati ya pini hizo inasoma karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa njia una kizuizi cha omu 120. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, waya zimegusana mahali fulani, mara nyingi pale panya alipotafuna au pale mtu alipofunga redio.

Halafu kuna swali la mwisho, na fundi anayeweza kulijibu anastahili heshima yake yote. Je, kisanduku kinasikia? Je, kinaamuru? Je, kinatoa? Mashine nzuri inaonyesha moja kwa moja: ukiwasha swichi ya taa, neno kwenye skrini linabadilika au halibadiliki. Lisipobadilika, ugonjwa uko kwenye swichi au waya wake. Likibadilika, pima pini inayotoka kwenda kwenye taa. Umeme ukitoka pale na taa haiwaki, ni waya au taa yenyewe. Kisanduku kikisikia, kikaamuru, chakula chake chote kikiwa sawa, na bado hakuna umeme unaotoka, basi kimeharibika ndani. Hapo, na hapo tu, neno "imekufa" ni neno la kweli.

Inatokea. Mtu anafunga waya za kuamshia batri kinyume, chanya kwa hasi, na kompyuta inaungua. Mchomelea vyuma anachomelea bodi bila kufungua batri. Maji yanakaa ndani ya sanduku msimu mzima. Kompyuta haifi kwa sababu ya uzee peke yake mara nyingi hivyo. Kuna mtu aliyeisaidia kufa.

Basi ibadilishwe, lakini nako kuna mitego. Namba iliyoandikwa kwenye kisanduku inapaswa kulingana mpaka herufi ya mwisho. Sanduku lenye umbo lilelile na plagi zilezile linaweza kuwa la gari yenye vitu vingine kabisa. Batri inafunguliwa na kuachwa dakika kumi au zaidi kabla ya kugusa chochote chini ya dashibodi, maana waya za mito ya hewa ziko jirani. Na kwenye magari ambayo BCM inashika hesabu ya ufunguo, kisanduku cha mtumba kutoka gari nyingine hakimjui mwenye nyumba mpya. Gari iliyofika garaji bila taa inatoka bila kuwaka kabisa. Inabidi kisanduku kifundishwe namba ya gari na funguo zake kwa mashine, au taarifa zihamishwe kutoka kwenye chipu ya kumbukumbu ya kile cha zamani.

Ndiyo maana mwenye gari asikubali kabisa kuacha kisanduku cha zamani kwa fundi kama chuma chakavu. Hata kikiwa kimeungua upande wa taa, kumbukumbu yake inaweza kuwa hai, na ndiyo yenye thamani.

Kazi ya kufundisha kisanduku inataka umeme usioyumba. Batri ikishuka katikati ya kuandika, kisanduku kipya kinaweza kufa mezani. Hii si habari ndogo kwa Kiambi. Kituo cha umeme cha Piana-Mwanga kwenye Luvua hiihii kilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono, lakini garaji za hapa zinategemea jenereta na sola. Suluhisho ni rahisi: batri ya pili iliyojaa vizuri iungwe sambamba na ile ya gari wakati wa kazi yote.

Mafundi wana majibu yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema mashine ya kweli ni ghali. Wanasema mteja hana subira. Wanasema pia kwamba inawezekana kupita pembeni: kuvuta waya mpya kutoka batri, kuweka rele na swichi, na taa zinawaka bila kuomba ruhusa ya kompyuta yoyote. Hilo la mwisho lina ukweli wake. Kwa taa kubwa za gari inayobeba wagonjwa, waya mpya wenye fyuzi na rele yake ni afadhali kuliko kisanduku cha kubahatisha, na fundi aseme wazi kwamba ni bandeji. Kinachotisha ni waya usio na fyuzi uliopitishwa chini ya zulia lenye maji. Huo ni moto unaosubiri siku.

Lakini hoja ya bei haisimami mtu akipiga hesabu pamoja na wenzake. Mashine inayosoma bodi si lazima iwe ya fundi mmoja. Chama cha mashofa, ACCO, kinajua kukusanya michango. Mashine moja Kiambi na nyingine Manono zingeweza kutumiwa na garaji zote kwa zamu. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ndiyo ya kuulizwa kwa nini kijana wa Tanganyika anayejifunza umakanika asimalize bila kujua kupima masi na waya za mawasiliano. Manono inasifiwa duniani kote kwa lithiamu inayoingia kwenye batri za magari ya umeme, magari ambayo ni kompyuta juu ya kompyuta. Ingekuwa aibu kidogo watoto wa ardhi hiyo waendelee kugonga dashibodi kwa ngumi.

Kwa upande wa wenye magari, kinachohitajika ni kukubali bei ya kipimo. Garaji iiandike ukutani. Mteja akitengeneza hapohapo, bei hiyo ikatwe kwenye malipo ya mwisho. Akienda kwingine, amelipia kazi iliyofanyika. Na fundi naye atoe karatasi: volti za batri wakati wa starta, volti za masi taa zikiwaka, omu kati ya pini 6 na 14, na makosa yaliyosomwa na herufi zake. Karatasi hiyo inaweza kusafiri kwa WhatsApp mpaka kwa fundi wa Kalemie au Lubumbashi, akaisoma na kutoa mawazo bila gari kuburutwa barabarani. Karatasi isipokuwepo, pesa ya kisanduku isitoke mfukoni.

Mvua za kwanza kwa kawaida zinarudi mwezi wa kumi. Tundu za kutolea maji chini ya kioo cha mbele zinazibuliwa kwa waya mwembamba na kopo moja la maji, na bolti za masi zinafunguliwa na kusuguliwa asubuhi moja.